Je, Wajua? Roshani za Tokyo na Miamba ya Dodoma

Je, wajua kwamba mama anayeuza nyanya Soko la Majengo, akiwa ameketi kwenye kigoda chake pale chini, yuko juu kuliko ncha ya mnara mrefu kuliko yote nchini Japani? Jiji la Dodoma liko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Tokyo Skytree una mita 634 kutoka chini hadi nchani, na umesimama kwenye ardhi ambayo haijapishana sana na bahari. Hata Burj Khalifa ya Dubai, yenye mita 828, haimfikii mama huyo. Wajapani hutoza fedha nzuri kumpandisha mtu juu. Majengo unalipia fungu la nyanya, basi.

Lakini tusivimbe vichwa mapema. Je, wajua kwamba mita zetu zote hizo hazitusaidii kuona mbali hata kidogo? Jicho halina habari na bahari. Linachojali ni ardhi ya jirani iko chini yake kiasi gani, na uwanda wa kati umeinuka wote kwa pamoja. Anayesimama katikati ya soko anaona miavuli, maturubai na mgongo wa mchukuzi aliyebeba gunia la vitunguu, hata kama kwa vipimo vya bahari yuko mawinguni.

Kwa wapenda hesabu: chukua urefu wa jicho lako kutoka chini kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 3.57. Unapata kilomita za kufika upeo wa macho, ikiwa hakuna mlima wala ghorofa mbele yako. Mtu aliyesimama uwanjani anaona kama kilomita 4 na nusu. Aliye kwenye roshani ya juu ya Skytree, mita 450, anaona zaidi ya kilomita 75. Na kuna jambo wauza tiketi hawalitangazi: ukipanda juu mara 4, unaona mbali mara 2 tu.

Je, wajua basi kwamba roshani mojawapo nzuri zaidi Tokyo ni ya bure? Iko kwenye ofisi za Serikali ya Jiji, mtaa wa Shinjuku, ghorofa ya 45, mita 202 kutoka chini. Jengo lenyewe lina mita 243, lilichorwa na msanifu Kenzo Tange na kukamilika mwishoni mwa 1990. Unakaguliwa begi, unaingia kwenye lifti, umefika. Kwa hesabu yetu ya hapo juu, upeo wake ni kilomita 50 hivi. Roshani ya Skytree ya mita 450 inaizidi kimo zaidi ya mara mbili, lakini upeo wake unaizidi kwa nusu tu. Mwenye kubana matumizi ameshaelewa aende wapi. Huko juu, upande wa kusini, kuna piano ya manjano yenye madoadoa meusi, iliyopambwa kwa michoro ya Yayoi Kusama, na mgeni yeyote anaruhusiwa kuketi na kupiga. Ni halmashauri ngapi za kwetu zingempokea mwananchi ghorofa ya juu kabisa, aje tu kuangalia, bila kumuuliza ameandikiwa barua na nani?

Je, wajua kwamba katikati ya Tokyo kilima cha asili kirefu kuliko vyote ni Atago, na kina mita 26 tu? Enzi mji huo ukiitwa Edo, watu walipanda ngazi zake za mawe, vidato 86 vilivyosimama kama ukuta, ili waone mapaa ya mji hadi baharini. Miaka ya 1860 mpiga picha Felice Beato alisimama hapo akapiga picha ya mji mzima. Leo Atago imemezwa na maghorofa, huoni kitu. Wajapani hupanda minara kwa sababu ardhi yao ya mjini haikuwapa mahali pa kusimama.

Sisi tumepewa. Dodoma imezungukwa na kupenywa na vilima vya mawe, na maarufu kuliko vyote ni Mlimwa, ambao vijana wengi huuita Lion Rock. Wapandaji huenda alfajiri, kabla jua halijaanza kuchoma miamba. Njia ni ya vichaka vya miiba na changarawe inayoteleza, kisha mwamba mtupu, mkubwa, uliokwaruzwa na mvua za miaka. Ukifika juu, dakika chache zinakufundisha mji kuliko mwezi mzima wa kupanda bajaji: bati za mitaa ya zamani zimebanana upande wa reli, uwanja wa ndege umejilaza katikati ya mji kama mtu aliyekataa kuhama, Bunge liko kule, Msikiti wa Gaddafi kule, na Chuo Kikuu cha Dodoma kimetawanyika kwenye vilima vyake upande wa mashariki. Unaona wazi pia mahali ambapo mji wa mkoloni unakoma na mji wa makao makuu unaanza. Barabara zinanyooka ghafla, viwanja vinapanuka, na kati yake kuna mapengo makubwa ya pori.

Ushauri wa bure: panda na wenzako, na simu usiizungushe mkononi. Miamba isiyo na walinzi ina wageni wa kila aina.

Je, wajua kinachouzwa hasa kwenye roshani za Japani? Mimi nasema si urefu. Ni mpangilio. Chini ya kioo, kwenye roshani nyingi, kuna ubao mrefu wenye picha ya mandhari ileile iliyo mbele yako, na kila jengo, mto na mlima umeandikwa jina. Mgeni asiyejua lolote anaondoka akijua kusini ni wapi. Kuna choo, kuna maji ya kunywa, kuna mahali pa bibi kuketi. Zile darubini za zamani za kutumbukiza sarafu ya yeni 100 bado zipo sehemu nyingi: unatumbukiza, kifuniko cha ndani kinafunguka, unapata dakika moja na ushee ya kuangalia, kisha giza. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachohitaji mnara wa mita 634. Kwa mwamba kama wetu, ubao mmoja wa majina na benchi mbili ni kazi ya fundi mchomeleaji wa kawaida.

Je, wajua kwamba roshani ya kutazamia si jambo geni kwa mkulima wa Kanda ya Kati? Ni ulingo. Miti minne imechimbiwa shambani, juu fito na nyasi, na juu yake mtoto mwenye kombeo na sauti. Kazi yake ni kuuona mtama au uwele wote kwa mkupuo mmoja, kwani kweleakwelea hawabishi hodi. Ndege mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Ni kidogo, hadi ukumbuke kwamba huja kwa malaki. Kundi la ndege milioni 1 linakula tani 10 kwa siku. Ulingo una mita 2 au 3 tu, na kanuni ni ileile ya Skytree: aliyeinuka kidogo kuliko mtama anaona shamba zima.

Nyumba ya asili ya Mgogo, tembe, haina haraka ya kwenda juu. Ukuta mfupi wa miti na udongo, paa tambarare la udongo juu ya magogo. Katika nchi ya jua kali na upepo wa mchana, nyumba ya kimo kifupi na ukuta mnene ni akili, na paa lake linabeba nafaka ya kuanikwa.

Je, wajua kwamba Dodoma ya makao makuu nayo ilipangwa iwe ya chini? TANU iliamua kuhamishia makao makuu hapa mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA iliyovunjwa mwaka 2017. Mpango mji wa kwanza, uliotolewa 1976, ulitengenezwa na kampuni ya washauri kutoka Toronto, Kanada. Wazo lake lilikuwa mji usio na majivuno: watu watembee kwa miguu, majengo yafuate umbo la ardhi, vilima vibaki ndiyo vitu virefu zaidi machoni. Hakuna mnara wa kuwatisha wananchi. Ujamaa kwa matofali.

Sasa linganisha. Mwaka uleule wa 1973, Nairobi ilifungua jumba la KICC, ghorofa 28, mita 105, lililoanza kama makao makuu ya chama cha KANU kisha likakua kadiri michoro ilivyoongezwa. Wasanifu walikuwa Karl Henrik Nøstvik, Mnorwe, na Mkenya David Mutiso. Mwaka huo pia Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa walifanya mkutano wao wa mwaka humo. Chama kimoja kilikwenda juu, kingine kikasema tukae chini. Sitoi hukumu nani alipatia, ila mtalii akifika Nairobi leo analipa kiingilio, anapanda hadi kwenye uwanja wa helikopta juu ya paa la KICC, na siku ya hewa safi anaangalia Mbuga ya Nairobi upande mmoja na jiji lote upande wa pili. Kwa msafiri wa basi kutoka Dodoma, hiyo ndiyo roshani ya jiji iliyo karibu zaidi na ile ya Kijapani.

Na Wajapani wenyewe wanajua kubana vimo. Kyoto, mji wao mkuu wa kale, ulishusha kikomo cha majengo katikati ya mji kutoka mita 45 hadi 31 mwaka 2007 ili mahekalu na milima visizibwe. Mnara wa Kyoto, mita 131, ulishajengwa tangu 1964, na hadi leo kuna wenyeji wanaoununia.

Je, wajua kwamba jengo la kwanza refu la kutazamia mji wa Tokyo lilikufa kwa tetemeko? Ryounkaku, mnara wa ghorofa 12 mtaa wa Asakusa, ulifunguliwa mwaka 1890 ukiwa na lifti ya umeme ya kwanza nchini humo. Lifti yenyewe ilisimamishwa baada ya miezi michache kwa kuhofia usalama, watu wakarudi kwenye ngazi. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kuu la Kanto liliuvunja ghorofa za juu, na masalia yakabomolewa na jeshi. Leo ukisimama Asakusa, ng'ambo ya Mto Sumida unaiona Skytree imesimama.

Kwa nini yenyewe inasimama? Katikati yake kuna nguzo ya zege iliyoachanishwa kwa sehemu kubwa na fremu ya chuma ya nje. Ardhi ikitikisika, nguzo na fremu haviyumbi kwa pamoja, hivyo kimoja kinapunguza mwendo wa kingine. Ndani ya nguzo hiyo mna ngazi za dharura. Wazo hilo linafanana na la mahekalu ya mbao ya ghorofa 5 ambayo yana gogo moja kubwa katikati, na lile la Horyu-ji limesimama tangu zama za karne ya 7 na 8. Mwaka 2011, tarehe 11 Machi, tetemeko kubwa lilipopiga, Skytree ilikuwa bado inajengwa na haikudhurika. Mzee wake, Tokyo Tower, alipinda ncha ya antena. Dodoma nayo hutikisika mara mojamoja, maana imekaa jirani na Bonde la Ufa, kwa hiyo tunapoongeza ghorofa tusiulize bei ya nondo peke yake.

Huyo Tokyo Tower, kwa kumbukumbu, alifunguliwa Desemba 1958 akiwa na mita 333. Sehemu ya chuma chake ilitoka kwenye vifaru vya Marekani vilivyokwisha kazi baada ya vita vya Korea. Rangi ya chungwa na nyeupe si mapambo: sheria ya usalama wa anga ilidai aonekane na marubani.

Je, wajua kwamba minara hii mikubwa haikujengwa kwa ajili ya watalii? Tokyo Tower ilijengwa kurusha matangazo ya televisheni. Maghorofa yalipozidi kuota na kuziba mawimbi, ikabidi ijengwe Skytree, iliyofunguliwa tarehe 22 Mei 2012. Roshani ni njia ya kurudisha gharama. Vilima vyetu vingi navyo vimebeba minara ya simu, na mlinzi wa mnara ndiye mtu pekee anayelipwa kuwa pale juu.

Tukirudi kwa msafiri. Je, wajua majira gani ya kwenda? Mlima Fuji, mita 3,776, uko kama kilomita 100 kutoka Tokyo, na huonekana vizuri asubuhi za baridi, Desemba hadi Februari, hewa ikiwa kavu. Kiangazi chao kina unyevu na ukungu. Unaweza kulipa tiketi ukaona maziwa matupu. Dodoma mambo ni mengine. Tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na kwa wastani hazifiki milimita 600 kwa mwaka. Mvua inaosha vumbi, na asubuhi inayofuata unaweza kuhesabu vilima vya mbali. Agosti hadi Oktoba upepo unabeba udongo mwekundu na kila kitu kinafifia.

Machweo ndiyo saa inayogombewa kuliko zote. Shibuya Sky, roshani ya wazi juu ya paa, mita 229, iliyofunguliwa Novemba 2019, tiketi zake za jioni huisha kwenye mtandao siku nyingi kabla. Huruhusiwi kupanda na kofia, mwavuli wala begi. Kila kitu kinabaki kwenye kabati la sarafu ili upepo usimdondoshee mtu chini. Mwanzoni mwa Desemba jua la Tokyo linazama kama saa 10 na nusu jioni. Japani iko mbele yetu kwa saa 6, kwa hiyo kwa saa ya Dodoma hiyo ni saa 4 na nusu asubuhi. Mtanzania anayekwenda huko anahitaji viza, na ubalozi wao uko Dar es Salaam, kwa hiyo mipango ya machweo huanzia foleni ya asubuhi.

Kupiga picha kupitia kioo usiku: zima taa ya simu, sogeza lenzi hadi iguse kioo, funika pembeni kwa koti jeusi au kanga ya rangi nzito. Taa za ndani zitakoma kujitokeza kwenye picha.

Umeda Sky, Osaka, 1993: minara miwili iliyounganishwa juu, na ngazi za umeme zinazovuka hewani kati yake, kwenye kimo cha karibu ghorofa 40. Mwenye kizunguzungu asiambiwe, apelekwe tu.

Masikio kuziba? Lifti ya Skytree inakwenda mita 600 kwa dakika. Ya Landmark Tower, Yokohama, inakwenda mita 750 kwa dakika na kufika ghorofa ya 69 kwa sekunde 40. Meza mate.

Je, wajua kwamba ghorofa inaweza kubadilisha saa ya kufuturu? Aliye juu anaona jua kwa dakika chache zaidi kuliko aliye chini, kwa sababu upeo wake wa macho uko mbali zaidi. Mwaka 2011 mufti mkuu wa Dubai alieleza kwamba wakazi wa Burj Khalifa walio juu ya ghorofa ya 80 wasubiri dakika 2 zaidi baada ya adhana ya chini, na walio juu ya ghorofa ya 150 wasubiri dakika 3. Watanzania na Wakenya wengi wanafanya kazi Dubai, wakiwemo wanaofanya kazi kwenye maghorofa kama hayo, na roshani ya juu ya jengo hilo iko ghorofa ya 148, mita 555. Je, mfungaji wa Dodoma naye asubiri kwa kuwa yuko mita 1,120? Hapana. Rudi kwenye kanuni ya mwanzo: uwanda umeinuka wote, upeo wetu haujasogea.

Ukitaka kimo halisi bila lifti, nenda Ngorongoro. Ukingo wa kasoko uko takriban mita 600 juu ya sakafu yake. Kwa hiyo anayeshuka kwenye gari pale kwenye kituo cha kuangalia, kabla hata hajazoea baridi, anaangalia chini zaidi kuliko mtu aliye roshani ya juu ya Burj Khalifa. Irente, kule Lushoto, inapita hata hapo: ukingo wa Usambara unakatika na tambarare ya Mazinde iko karibu kilomita nzima chini ya vidole vyako. Magari ya barabara kuu yanaonekana kama punje.

Je, wajua kwamba Mtanzania aliyeiteka Tokyo hakupanda mnara? Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma mwaka 1957, alishinda mbio za marathoni za Tokyo mwaka 1984 na tena 1986, akashinda pia Fukuoka mwaka huohuo wa 1986. Desemba 1983, Fukuoka, alishindwa na Toshihiko Seko kwa sekunde 3 tu baada ya kilomita 42. Mashabiki wa riadha wa Japani wa umri fulani wanamkumbuka hadi leo. Mwaka 1989 akashinda New York. Labda hapo ndipo zile mita zetu zilipofanya kazi: hewa nyepesi ya nyanda za juu huuzoesha mwili wa mkimbiaji uhaba wa oksijeni.

Japani nayo imetufikia. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, iliyozinduliwa 2018, ilijengwa kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika pamoja na shirika la Japani, JICA. Mwaka huohuo Dar es Salaam ikapata Daraja la Mfugale pale Tazara, kwa msaada wa Japani. Barabara ya Babati inapita Kondoa na Kolo, na kwa msafiri wa roshani hilo ni jambo kubwa. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mapango yake yako kwenye miteremko inayoangalia Nyika ya Wamaasai, na aliyechora alikuwa na mandhari ambayo hoteli yoyote ingeitangaza. Zamani kufika Kolo wakati wa mvua kulihitaji gari la magurudumu manne na subira. Sasa unaondoka Dodoma asubuhi na kurudi siku hiyohiyo. Kupanda hadi kwenye mapango bado ni kwa miguu.

Treni ya SGR, iliyoanza safari za Dar hadi Dodoma Julai 2024, inampandisha abiria zaidi ya mita 1,000 kutoka pwani kwa muda wa saa 3 na ushee. Kaa dirishani ukipita Kilosa, milima na mahandaki vinakuja kwa zamu. Wenzangu wengi husinzia hapo na kuamka kwenye mibuyu.

Kwa roshani na lifti, Zanzibar walianza mapema. Beit el-Ajaib lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, likiwa na roshani pande zote na sifa ya kuwa na lifti ya kwanza Afrika Mashariki. Mbele yake kulikuwa na mnara wa taa, ukaharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyochukua chini ya saa moja. Mnara wa saa uliofuata ukaunganishwa na jengo lenyewe. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka pamoja na mnara huo, ikaua watu, na ukarabati ukaanza.

Wa mwisho, kwa wenye magoti mazima. Dodoma tuna Msikiti wa Gaddafi, lakini je, wajua kwamba Kampala wana wao, na kwamba mnara wake unapandwa na mgeni yeyote? Uko kwenye kilima cha Old Kampala. Ujenzi ulianza enzi za Idi Amin, ukakwama miaka mingi, ukamaliziwa kwa fedha za Gaddafi na kufunguliwa mwaka 2007. Wageni wa kike hupewa khanga au shela ya kujistiri mlangoni, viatu vinabaki chini, kisha ni vidato 304 vya kuzunguka hadi unapotokeza juu ya vilima vyote vya jiji. Tokyo Tower nayo ina ngazi za nje, zenye upepo, vidato kama 600 hadi roshani ya mita 150. Anayezipanda zote hupewa cheti. Kampala hawatoi cheti, ila mwongozaji atakusubiri ukisimama kupumua, na kuna madirisha njiani ya kusingizia kwamba umesimama kuangalia.